Ephraim Amu: mwalimu aliyepoteza kazi kwa ajili ya ngoma na kitambaa



Katika shule zetu na makanisa yetu ya mashariki kuna swali linalorudi kila mwaka: mwalimu afanye nini na nyimbo, ngoma na michezo ambayo watoto wanaijua tangu nyumbani? Wengine wanafunga mlango wote, wakisema hayo ni mambo ya giza. Wengine wanafungua mlango wote, na siku ya sikukuu ya shule wanawachezesha watoto cho chote kitakachopendeza macho ya wageni. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyechukua njia nyingine, akailipia kwa kazi yake. Jina lake ni Ephraim Amu, mwalimu na Mkristo wa kanisa la Presbyterian huko Ghana. Huku kwetu jina lake halisikiki sana. Kule kwao, sura yake iliwekwa hata kwenye noti ya pesa.

Mtoto wa mchonga miti

Amu alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka 1899 huko Peki-Avetile, katika nchi ya Waewe, mashariki ya koloni ambalo Waingereza waliliita Gold Coast. Baba yake, Stephen Amuyaa, alikuwa mchonga miti, na kabla ya kuwa Mkristo alijulikana kama mtu wa ngoma na nyimbo. Mtoto alibatizwa akiwa bado mchanga. Basi tangu mwanzo alikuwa mtoto wa nyumba mbili: nyumba ya ukoo, ambamo ngoma ilijulikana vizuri, na nyumba ya kanisa, ambamo ngoma haikutakiwa.

Injili ilifika Peki mwaka 1847, ikiletwa na wamisionari Wajerumani wa misioni ya Bremen. Upande wa magharibi, kwenye vilima vya Akuapem, misioni ya Basel ilikuwa imekwisha kuanza kazi kati ya watu wanaosema lugha ya Twi, na mwaka 1848 ikafungua chuo cha walimu na makatekista katika mji wa Akropong. Misioni hizi zilifanya kazi kubwa. Ziliandika lugha za watu, zikatafsiri Biblia, zikajenga shule, zikafundisha watoto kusoma na kuimba kwa sauti nne. Hatuwezi kuandika maisha ya Amu bila kuwashukuru wamisionari hao, kwa maana yeye mwenyewe ni tunda la kazi yao.

Lakini palikuwa na ukuta. Katika eneo la misioni ya Basel, waamini waliishi katika mtaa wao uliotengwa na mji, ukaitwa Salem. Mkristo wa Salem hakuruhusiwa kwenda mjini kucheza ngoma. Katika shule, nyimbo zilikuwa nyimbo za Ulaya zilizogeuzwa maneno. Tusiwahukumu upesi. Ngoma nyingi za mjini zilifungamana na matambiko, na mtu aliyetoka huko kwa machozi hakutaka kusikia tena mlio uliomkumbusha vifungo vyake. Ukuta ule ulijengwa na watu waliojua walikimbia nini. Taabu ni kwamba watoto wao na wajukuu wao, ambao hawakuwahi kuona tambiko hata moja, walilelewa kuamini kwamba kila mlio wa kwao ni uchafu.

Harmoniamu kichwani

Msidhani Amu alichukia muziki wa Ulaya. Aliupenda kuliko wenzake wote. Akiwa mwanafunzi alivutwa sana na harmoniamu, kile kinanda cha kupulizwa kwa miguu kilichotumika katika ibada, akamwomba mwalimu wake amfundishe. Baadaye alisomea ualimu na ukatekista katika seminari ya Abetifi, mahali ambapo watu wanasema Twi, na mwaka 1920 akaanza kufundisha katika shule ya bweni ya kanisa huko Peki-Blengo.

Alipokuwa mwalimu kijana aliona shule inahitaji kinanda. Akaenda hadi mji wa Koforidua, akanunua harmoniamu ndogo ya kukunjwa. Wakati wa kurudi alikosa gari la kumfikisha nyumbani. Alikibeba kinanda kichwani, akatembea nacho kwa miguu sehemu ndefu ya njia mpaka Peki. Mwalimu wa namna hiyo hafundishi ili apate mshahara tu. Tukumbuke harmoniamu hiyo tunapofika kwenye sehemu ya ngoma, kwa sababu mtu aliyerudisha ngoma darasani ndiye huyuhuyu aliyebeba kinanda cha Ulaya juu ya kichwa chake.

Mgeni katika Akropong

Mwaka 1926 Amu aliitwa kufundisha katika chuo cha Akropong. Wakati huo Wajerumani na Waswisi walikuwa wamefukuzwa na serikali ya Waingereza kwa sababu ya vita ya kwanza ya dunia, na misioni ya Scotland ilikuwa imeshika kazi. Kutoka chuo hicho walimu wengi walitumwa katika shule za kanisa vijijini. Kwa hiyo jambo lililofundishwa Akropong lilifika baada ya miaka michache katika vijiji vingi.

Hapa pana jambo ambalo sisi wa mashariki ya Kongo tunapaswa kulitazama kwa makini. Amu alikuwa Mewe. Akropong ni mji wa watu wa Twi. Miaka 30 kabla ya kuzaliwa kwake, mwaka 1869, jeshi la Asante, watu wa lugha ileile ya Twi, lilivamia nchi ya Waewe, likachoma vijiji na kuchukua mateka wengi. Watu wa Akuapem hawakuwa Waasante, lakini lugha yao ni moja, na masikio ya mtoto wa Peki yangeweza kuisikia kama lugha ya adui. Wazee wa Peki walikuwa bado na kumbukumbu ya mambo hayo. Hata hivyo mwalimu huyu Mewe alijifunza Twi mpaka akaweza kutunga nyimbo katika lugha hiyo. Hakuwaletea wanafunzi wake nyimbo za kwao Peki na kuwaambia huo ndio muziki wa Afrika. Alianza kwa kusikiliza nyimbo za wale waliomkaribisha.

Sikio linaposikia kosa

Alipokuwa akifundisha kuimba, Amu aligundua taabu ambayo watu wengi walikuwa wameizoea hata hawaioni tena. Lugha ya Twi na lugha ya Kiewe ni lugha za sauti: neno likisemwa juu au chini, maana yake inageuka. Chukua neno la Twi papa. Kwa namna moja ya sauti maana yake ni baba. Kwa namna nyingine ni kitu chema. Kwa namna ya tatu ni upepeo wa kujipepea wakati wa joto. Herufi ni zilezile, sauti inatofautisha.

Sasa fikirini jambo lililotokea wimbo wa Ujerumani au Uingereza ulipotafsiriwa. Maneno yaligeuzwa, tuni ikabaki ileile. Mahali neno la Twi linataka kushuka, tuni inapanda. Mahali neno linataka kukazwa, mpigo unapita mbio. Mtoto anaimba maneno ya lugha ya mama yake, lakini mama yake akipita nje ya dirisha anasikia maneno yaliyopinda, mengine yasiyo na maana, mengine yenye maana isiyokusudiwa. Mtoto anajifunza jambo bila kufundishwa: kwamba mbele ya Mungu lugha yake haina budi kuvunjwa kwanza.

Jambo hili linatugusa sisi. Kiswahili hakina taabu hiyo, lakini lugha nyingi za makanisa yetu zinayo. Anayesema Lingala anajua kwamba kokoma ni kuandika au ni kufika, na sauti ndiyo inayoamua. Kimashi, Kinande na Kilega pia zina sauti za juu na za chini zinazobeba maana. Waimbaji wetu wanaotafsiri nyimbo za vitabu katika lugha za vijiji wanakutana na shida ileile aliyoiona Amu karibu miaka 100 iliyopita.

Yeye hakuishia kulalamika. Alianza kutunga. Alisema maneno kwanza, akasikiliza yanapanda wapi na yanashuka wapi, mpigo wake uko wapi, kisha akaandika tuni inayofuata njia hiyo. Sauti nne alizojifunza katika shule ya misioni hakuzitupa. Alizitia ndani ya mwendo wa Kiafrika. Mwaka 1932 nyimbo zake 25 za Twi zilichapishwa London katika kitabu kimoja. Kabla ya hapo, mwaka 1929, alikuwa ametunga wimbo unaoitwa Yen Ara Asaase Ni, juu ya nchi ambayo wazee waliilipia kwa damu na ambayo kizazi kipya kinapaswa kuijenga. Unajulikana kwa Twi na kwa Kiewe, na mpaka leo Waghana wanausimamia karibu kama wimbo wa taifa.

Kujifunza kabla ya kufundisha

Ili apate elimu hiyo, Amu alilazimika kuvuka ukuta wa Salem. Alikwenda kuwasikiliza wapiga ngoma na waimbaji wa mjini, watu ambao hawakuwa na diploma, wengine wasio Wakristo. Mwalimu wa chuo aliketi kama mwanafunzi. Katika miaka ile hilo lilikuwa jambo la ajabu, na kwa wengine jambo la aibu.

Huko mtu anajifunza mambo ambayo kitabu hakisemi. Ngoma za atumpan, ambazo ni mbili, moja ya sauti ya juu na moja ya sauti ya chini, zinasema maneno, kwa sababu lugha yenyewe ina sauti ya juu na ya chini. Anayezipiga bila kujua anatoa maneno yasiyo na maana, tena anaweza kutukana bila kukusudia. Ngoma kubwa za fontomfrom ni za ikulu ya chifu, hazipigwi ovyo na kila mtu. Mchezo wa adowa unaonekana katika matanga, na mikono ya anayecheza inasema: kuna mkono wa huzuni, kuna mkono wa heshima, kuna mkono wa kumfariji aliyefiwa. Mtu asiyejua anaona mikono mizuri tu. Mtu anayejua anasoma barua.

Ndiyo maana Amu hakuchukua ngoma ya ikulu au wimbo wa tambiko na kuupeleka darasani jinsi ulivyo. Alijifunza mwendo, mpigo na namna ya sauti kujibizana, kisha akatunga nyimbo mpya zenye maneno ambayo mwanafunzi Mkristo angeweza kuyaimba kwa moyo safi. Wenye ngoma walibaki na ngoma zao, na wanafunzi wakapata kitu ambacho ni chao kweli.

Tena alifundisha kwa mwili wake wote. Pamoja na muziki alisimamia kazi ya shamba, wala hakuona haya kubeba mbolea pamoja na wanafunzi. Kwake yeye shamba, lugha, mavazi na wimbo vilikuwa somo moja: mtu aliyesoma asione haya juu ya vile alivyopewa na Mungu kwao.

Kitambaa na hukumu

Suti ya sufu, kola ngumu na tai ndiyo iliyokuwa alama ya Mkristo aliyesoma katika Gold Coast, hata kwenye joto kali. Amu aliacha mavazi hayo. Mwaka 1931 alisimama kuhubiri katika kanisa la Akropong akiwa amevaa kitambaa, ile nguo pana ambayo wanaume wa nchi hiyo wanajifunga na kuitupa juu ya bega. Lilikuwa vazi la heshima, ambalo mzee yeyote wa mji angelivaa mbele ya chifu. Ila halikuwa vazi la mimbara.

Wakubwa wa kanisa walimwita, wakamwuliza, wakamwonya. Walikuwa Waafrika wenzake, na hilo ndilo linalofanya habari hii iwe nzito. Wamisionari wa Scotland si wao waliokuwa wakali kuliko wengine. Waliokataa ni wachungaji na wazee wa nchi yenyewe, watu waliolelewa Salem, ambao wazazi wao walitukanwa na ndugu zao kwa sababu ya kumfuata Kristo. Walipoona kitambaa kwenye mimbara na kusikia ngoma katika chuo cha makatekista, waliona mlango walioufunga kwa bei kubwa unafunguliwa na kijana. Amu naye alikuwa akiona wanafunzi wanaofundishwa kujidharau kwa jina la Yesu.

Hakugeuka. Mwisho wa mwaka 1933 aliondolewa katika chuo. Alikuwa na miaka 34.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Angeweza kufungua kanisa lake mwenyewe, na pengine angepata wafuasi. Angeweza kuiacha imani na kusema kwamba Ukristo ni dini ya wazungu. Hakufanya la kwanza wala la pili. Alibaki Mkristo, akaendelea kuimba, kuhubiri na kutunga nyimbo za kumsifu Mungu, na nyingi katika hizo ziliimbwa baadaye na kanisa lilelile lililomwondoa.

Achimota, London, na mianzi

Mungu alimfungulia mlango mwingine. Karibu na mji wa Accra palikuwa na shule ya serikali iitwayo Achimota, iliyofunguliwa mwaka 1927. Mkubwa wake wa kwanza, mchungaji Alexander Fraser, alikuwa amefanya kazi ya misioni Uganda, kisha akaongoza shule katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, na huko alisisitiza wanafunzi wajifunze lugha zao wenyewe. Alama ya shule ya Achimota ilikuwa vibonyezo vya piano, vyeusi na vyeupe, kwa kufuata fundisho la Dr. Aggrey, mmoja wa waanzilishi, kwamba vyote viwili vinahitajika ili sauti zipatane. Mwaka 1934 Amu alianza kazi huko.

Achimota walikuwamo watoto wa makabila mengi ya koloni: Waewe, Waasante, Wafante, Waga na wengine. Shule iliwapa nafasi ya kupiga ngoma za kwao na kucheza michezo ya kwao, kila kundi kwa zamu yake. Mpango huo ulikuwa na uzuri na hatari yake. Uzuri ni kwamba hakuna mtoto aliyeona kwao kunafichwa. Hatari ni kwamba kila mtu angeweza kubaki katika kundi lake, na ngoma ikawa bendera ya kushindana. Nyimbo za Amu zilisaidia hapo, kwa sababu ziliimbwa na wote. Mtoto Mewe aliimba Twi, mtoto wa Twi aliimba Kiewe, na kila mmoja alilazimika kuweka sauti ya mwenzake vizuri katika kinywa chake ili maana isiharibike.

Kuanzia mwaka 1937 mpaka mwaka 1940 alisoma London katika chuo cha muziki cha Royal College of Music. Wengine wangetazamia arudi Mzungu. Alirudi na elimu zaidi ya namna sauti zinavyofuatana na kujibizana, akaitumia elimu hiyo katika nyimbo zilezile za Twi na Kiewe.

Jambo lingine alilolifanya lilikuwa dogo kwa macho, lakini lilifika mbali. Shule nyingi hazikuwa na pesa za kununua vinanda. Lakini mianzi iliota kila mahali, na Waakan walikuwa na filimbi ya mwanzi iitwayo atenteben, iliyotumika zamani hasa katika maombolezo. Amu aliitengeneza ili iweze kupiga nyimbo nyingi, akafundisha wanafunzi kuikata, kuitoboa na kuipiga. Kutoka kwake filimbi hiyo ilienea katika shule za Ghana, na mpaka leo inapigwa. Mtoto maskini alipata chombo cha muziki kilichotoka katika kichaka cha kijiji chake.

Baadaye Amu aliandaa walimu wa muziki, kwanza Achimota, kisha katika chuo cha Kumasi. Kuanzia mwaka 1962 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Ghana huko Legon. Chuo hicho kilimpa heshima ya udaktari wa muziki mwaka 1965. Mtu maarufu katika elimu ya muziki wa Afrika, Profesa Kwabena Nketia, ni mmoja wa wale waliofuata njia aliyoifungua. Amu alikufa tarehe 2 mwezi wa 1 mwaka 1995, akiwa na miaka 95. Leo kwaya za Presbyterian zinaimba nyimbo zake, ngoma zinasikika kanisani, na mhubiri aliyevaa kitambaa hashangazi mtu.

Kwa walimu na waongozi wetu

Tunaona mambo matatu katika maisha haya ambayo yanaweza kuwasaidia wale wanaofundisha watoto wetu shuleni na katika masomo ya Jumapili.

La kwanza, kuuliza kabla ya kutumia. Katika eneo letu kuna nyimbo za kulima, za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za arusi, ambazo mtu yeyote anaweza kuziimba. Kuna nyingine zenye wenyewe. Walega wanajua kwamba bwami ina nyimbo, mithali na michezo ambayo si ya kila mtu, na kuitoa nje ili kufurahisha wageni ni kuwavunjia heshima wenyewe. Mwalimu anayetaka mchezo kwa ajili ya darasa aende kwanza kwa wazee wa mahali, wanaume na wamama. Awaulize: mchezo huu unachezwa lini? Nani anaucheza? Maneno yake yanasema nini? Kuna nani ambaye ungemwumiza? Kama jibu linapinga dhamiri ya Mkristo au linavunja haki ya wenyewe, aache, atunge mpya.

La pili, kusikiliza dhamiri ya aliye dhaifu bila kuifanya sheria ya wote. Mtume Paulo aliandika kwa Wakorintho juu ya nyama ya sanamu. Kulikuwa na ndugu aliyetoka katika ibada ya sanamu, ambaye nyama ileile ilimrudisha nyuma. Katika jumuiya zetu kuna wamama na wababa ambao ngoma fulani inawakumbusha kifungo, na katika miaka hii ya vita kuna watoto ambao wimbo fulani unawakumbusha usiku ambao kijiji chao kiliungua. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kucheza mbele ya watu, wala asichekwe akikataa. Kazi ya kupiga ngoma, kuhesabu mpigo, kushika kitabu au kukaa karibu na mwalimu inaweza kumtosha mpaka moyo wake upone. Lakini hofu ya mmoja isiwe sababu ya kuwafundisha wote kwamba Mungu anachukia mlio wa kwao. Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana, na aliyemdharau kwa ajili hiyo hakusifiwa.

La tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa: mwalimu mgeni ajifunze wimbo wa wenyeji. Darasa moja la shule zetu lina watoto wa lugha nne au tano. Kuna waliozaliwa hapo, kuna waliokimbilia hapo. Mara nyingi mwalimu mwenyewe ametoka mbali. Ikiwa kila mwaka wimbo wa kabila moja tu ndio unaochaguliwa, watoto wengine wanaelewa ujumbe, hata kama hakuna aliyeusema. Ikiwa mwalimu anachagua wimbo wa kila kabila lakini kila kundi linaimba la kwake tu, tumepanga mashindano. Njia ya Amu ilikuwa ngumu zaidi: mwana wa watu waliovamiwa alijifunza lugha ya waliovamia mpaka akaweza kutunga ndani yake sifa kwa Mungu. Mtoto aliyetaabika wiki mbili ili aimbe vizuri wimbo wa kubembeleza wa mama wa mwenzake hatamwona tena mwenzake huyo kama mtu asiye na mama.

Hatusemi kwamba wimbo unamaliza vita. Amu mwenyewe hakusema hivyo. Lakini chuki inafundishwa kwa watoto kwa nyimbo pia, nasi tumesikia nyimbo hizo. Basi na tuwaulize waongozi wa shule zetu, wakati wa kutayarisha programu ya mwaka huu: ni mzee gani wa mahali mtakayemwalika darasani, ni lugha gani ambayo watoto wote watajifunza kuiimba, na ni nani katika darasa lenu ambaye wimbo wa kwao haujasikika bado? Tungependa kila jumuiya iyajibu maswali hayo katika kikao chake kabla ya masomo kuanza.

Bwana awatie nguvu walimu wetu.